Kona Moja ya Mchemraba wa Rafaeli

Mwalimu Tumwagile alifundisha hesabu miaka thelathini na mbili hapa Kilosa, na sijaona mbishi kama yeye. Ukimwambia mvua itanyesha, anataka uthibitisho. Mimi jirani yake wa mtaa wa Mabwerebwere nilishamzoea.

Mumewe Rafaeli, aliyezoea kumwita Baba Yudith, alipofariki aliacha mchemraba wa rangi, ule wa kuzungusha mpaka kila upande uwe na rangi moja. Tumwagile aliupanga wote ikabaki kona moja. Ilikuwa mahali pake, lakini imesokotwa, rangi zake zinaangalia pande zisizo zake.

"Anastazia, hali hii haipatikani kwa kuzungusha," aliniambia. "Kila kona ipe namba. Iliyokaa sawa ni sifuri, iliyosokotwa mara moja ni moja, mara mbili ni mbili. Zungusha mpaka uchoke, jumla ya kona zote nane itagawanyika kwa tatu. Hapa jumla ni moja. Kuna mtu aliing'oa kwa mkono akairudisha vibaya."

"Si marehemu mwenyewe?"

"Nani mwingine? Mchokozi yule."

Akaing'oa kwa ncha ya kisu, akairudisha sawa, akauweka mchemraba kabatini. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi gari la dada yake lingekuja kumhamishia Mikumi, nyumba ipangishwe. Hakutaka kwenda. Alilia aliponiambia, nami nikalia naye.

Ijumaa asubuhi akaniita kwa ukali. Kona ileile ilikuwa imesokotwa, kwingine kote kuko sawa. Akanishuku mimi! Niliudhika sana, nikamwambia sina kazi ya kuchezea vitu vya marehemu. Akairekebisha mbele yangu, akafunga kabati, akafunga nyumba, akaja kulala kwangu na funguo zote shingoni.

Jumamosi tulifungua pamoja. Kona imesokotwa tena.

"Labda umejizungusha wenyewe," nikasema.

"Ungejizungusha mara milioni, jumla ingegawanyika kwa tatu." Sauti yake ilikuwa ya darasani. "Hapa pamepita vidole."

Saa nne gari la Mikumi lilifika, likarudi tupu. Tumwagile alikuwa ameshafungua mizigo na kuchemsha chai. Alinitazama kwa jicho la kunifukuza, nikatoka. Nikiwa barazani nilimsikia akisema ndani, taratibu kabisa:

"Haya, Baba Yudith, siendi. Acha utoto sasa."

Kisha akacheka, akasema, "Sukari ngapi?"