Asubuhi Jua Lilipomezwa Newtown

Nilipokuwa mtoto, meza yetu ya chakula ilikuwa na imani tatu, na Mama alizipakulia zote sawasawa. Nyanya aliamini kwamba Mungu alimfinyanga binadamu kwa udongo akampulizia pumzi. Baba, aliyekuwa akipima damu kwenye maabara ya hospitali, alisema tumetokana na viumbe waliobadilika polepole kwa miaka isiyohesabika, halafu akaongeza kwamba yeye bado ni Mkristo na asisumbuliwe. Na Mjomba Mwakio, mdogo wake Mama, alishikilia kwamba tuliumbwa na watu waliotoka kwenye nyota nyingine, wakachanganya damu yao na ya nyani, wakaondoka, na siku moja watarudi kuona tulivyokua.

Tulikuwa tukikaa ghorofa ya saba huko Newtown, Birmingham, nchini Uingereza. Nyanya alikuwa amekuja kututembelea kutoka Wundanyi, milima ya Taita, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka mipaka ya Kenya. Mjomba alikuwa na chumba mtaa wa Handsworth na kazi ya kuwatunza wazee kwenye makao yao. Kila Jumapili baada ya kanisa alipanda basi akaja kula kwetu, ingawa kanisani kwenyewe alikuwa ameacha kwenda.

Jumapili hizo nilizipenda kuliko sikukuu. Nilikaa katikati yao na mfupa wangu wa kuku, shingo ikigeuka huku na huku.

"Angalia piramidi, Mama," Mjomba angeanza. "Mawe yale yalinyanyuliwa na nani?"

"Na watu wenye njaa na msimamizi mkali," Nyanya alijibu. "Wewe hujawahi kufanya kazi ya shamba, ndiyo maana unashangaa mtu kunyanyua jiwe."

"Shemeji, niletee ushahidi," Baba alisema. "Kipande kimoja tu cha hicho chombo chao. Hata skrubu."

"Na wewe umemwona huyo nyani akigeuka mtu?"

"Sijamwona. Lakini ameacha mifupa. Hao watu wako wameacha video za mtandaoni."

Halafu Nyanya angefuta vidole vyake na kuuliza lile swali lake. "Haya, tuseme walikuja. Hao nao, ni nani aliyewaumba?"

"Wengine waliowatangulia."

"Na hao wengine?"

"Wengine tena, Mama."

"Endelea kupanda ukoo huo, mwanangu. Ukifika mwisho wake utamkuta Mungu amekaa, ameshakutengea chai."

Mama alicheka mpaka akafunika uso kwa leso. Mjomba naye alicheka. Mimi niliyezaliwa Birmingham nilikisikia Kiswahili chote lakini nilijibu kwa Kiingereza, na Nyanya, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji na kushukuru, alinijibu kama vile tunasema lugha moja. Sijui tulielewanaje. Tulielewana.

Kisha ikaja Jumapili ambayo kicheko hakikuwapo.

Babu yangu alikuwa amefariki miaka michache kabla, wakati Mjomba hajapata karatasi za kumruhusu kutoka Uingereza na kurudi. Mazishi ya baba yake aliyatazama kwenye simu, peke yake chumbani, mtandao ukikatika katikati ya nyimbo. Jambo hilo halikuzungumzwa nyumbani. Siku hiyo Nyanya alilitaja bila kukusudia ubaya. Alikuwa akimweleza Baba kwa nini imani yake haitikisiki, akasema, "Siku baba yao alipotutoka, Mungu alitushika mkono. Nilimwona kwa macho yangu."

Mjomba aliweka kijiko chini. "Aliwashika nyinyi," alisema. "Mimi nilikuwa Handsworth. Huku hakufika."

"Usimkufuru Mungu mbele ya mtoto."

"Sikufuru, Mama. Nakwambia nilivyoona."

Nyanya akageuza uso. "Kama Mungu wetu hakutoshi, basi nenda kwa hao watu wako wa nyota wakupikie."

Mjomba akainuka, akachukua koti lake, akaniachia paja lake la kuku ambalo hakuwa ameligusa. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Mama alimpigia simu, Mjomba akasema ana zamu. Nyanya aliendelea kupika kama kawaida, ila alipika wali mwingi kuliko watu waliokuwepo, na jioni alisimama dirishani akitazama mabasi chini. Siku za viza yake zilikuwa zikiisha. Baada ya Pasaka angerudi Wundanyi, na hakuna aliyejua kama angepata nguvu ya kuja tena.

Wakati huo mimi niliugua tetekuwanga. Nilikuwa nimelala nikijikuna, Baba akaingia na habari kwamba kesho yake asubuhi jua litapatwa. Mwezi utalifunika karibu lote. Alifurahi kama mtoto. Alikuwa ameshatoboa boksi la nafaka za asubuhi ili tuweze kutazama bila kuumiza macho.

"Kwetu tulisema limemezwa na joka," Nyanya alisema, akinipaka maji baridi mgongoni. "Tulitoka na sufuria, tukapiga mpaka likatapika."

"Ni mwezi tu, Mama. Unapita mbele yake."

"Na anayeupitisha ni nani?"

Baba akainua mikono kukubali kushindwa, akaenda zake. Nyanya akahakikisha mlango umefungwa, akainama mpaka nikasikia harufu ya mafuta yake ya nazi.

"Kuna jambo baba yako hajafundishwa," aliniambia. "Jua likimezwa, watu wa nyumba moja husimama pamoja. Atakayekosekana saa ile, atakosekana mwaka mzima. Wazee walisema hivyo."

Nilihesabu watu wa nyumba yetu kichwani na nikakuta pengo. Nyanya alisema anakwenda kutazama sufuria jikoni, na simu yake akaiacha palepale kwenye blanketi langu.

Nilimpigia Mjomba.

"Mjomba, ni mimi, Wakesho. Kesho jua litamezwa, lazima uje."

"Nani kasema?"

"Nyanya. Anasema asiyekuwepo atapotea mwaka mzima."

Nilisikia televisheni ya wazee anaowatunza ikinguruma nyuma yake.

"Nyanya yako kasema nije?"

"Hajasema uje. Amesema asiyekuwepo."

"Wakesho, nina zamu ya usiku. Asubuhi nitakuwa nimechoka."

Nikaanza kulia. Nililia kwa tetekuwanga, kwa wali uliobaki, kwa mwaka mzima bila Mjomba. Alijaribu kunibembeleza, halafu akasema anaitwa na mzee mmoja, akakata.

Asubuhi Mama alirudi kutoka kazini, naye ni nesi, akasimama mlangoni mwa roshani bila kuvua sare, macho yakijifumba yenyewe. Baba alikuwa na boksi lake. Anga, kwa bahati isiyo ya kawaida hapa kwetu, ilikuwa safi. Nyanya alikuwa amejifunga kanga mbili juu ya sweta, na sufuria moja mkononi. Mimi nilikuwa nikichungulia mlango wa mbele.

Kengele ililia wakati jua limeshaanza kuliwa pembeni.

Alikuwa ni yeye, na sare yake nyeupe ya kazi, macho mekundu, mkononi chupa ya ile dawa ya rangi ya waridi ya kupaka vipele. "Nimepita tu kumwona mgonjwa," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka roshani. Nilimshika mkono nikamvuta, nisimwachie hata avue viatu.

Nyanya alimtazama. Mjomba akamsalimia, "Shikamoo, Mama." Akaitikia, "Marahaba," basi. Wakasimama kila mmoja kwenye ncha yake ya roshani, sisi wengine katikati, na mwanga ukaanza kupungua.

Giza lile sijaliona tena. Halikuwa giza la jioni wala la mawingu. Rangi zilififia tu, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Baridi ikashuka. Njiwa waliokaa kwenye ukingo wa paa wakanyamaza. Chini barabarani watu walikuwa wamesimama, nyuso wamezielekeza juu, na dereva wa basi alikuwa ametoka nje ya basi lake.

"Piga!" Nyanya akaniamrisha, akanipa sufuria na mwiko.

Nikapiga. Mama naye akaamka, akapiga kifuniko. Kutoka roshani ya jirani ikatokea sauti ya Mama Harpreet, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na kasi kuliko cha Baba.

"Kelele gani hiyo asubuhi?"

"Jua limemezwa, mama!" Nyanya alimjibu.

"Ngojeni nilete karai langu!"

Na akalileta. Nyanya, aliyekuwa amenipa sufuria yake, alirudi jikoni akachukua alichokiona kwanza, chujio la bati la kuchujia tambi, akatoka nalo ameliinua juu ili aligonge kwa kijiko. Kijiko hakikufika. Mkono wake ulibaki hewani.

Mbele yake, kwenye kifua cheupe cha Mjomba, palikuwa na majua. Majua madogo mengi, yote yamekatwa kama kucha, yamepangwa mistari kwa mistari kuanzia mabegani mpaka tumboni.

Sote tukaacha kupiga. Baba akasema kwa kunong'ona kwamba kila tundu la chujio linachora picha ya jua. Mjomba aliinamisha kichwa kujitazama.

"Usitikisike," Nyanya alisema. "Usitikisike, Mwakio mwanangu. Umejaa jua."

Mjomba hakutikisika.

"Mama," alisema, "unajua kwa nini niliwapenda wale watu wa nyota? Ni kwa sababu inasemekana watarudi. Baba alipozikwa nilikaa pale chumbani nikaona hakuna mtu anayenijia. Nikasema, afadhali hawa. Hawa angalau wanatarajiwa."

Chujio la Nyanya lilikuwa bado juu, na mkono lazima ulikuwa ukimuuma.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi nilipita wapi kuja hapa? Si huko huko juu? Nimekaa angani usiku kucha, miguu imevimba, chakula hakina chumvi. Nikashuka kwa watu nisiowajua, lugha siijui, swali langu ni moja tu: Mwakio wangu yuko wapi? Sasa wewe unangoja nani tena?"

Baba ndiye aliyecheka kwanza; alijaribu kukibana kicheko, kikamtoka puani. Mama akafuata. Mjomba alicheka na kulia kwa pamoja, akatembea hatua zile chache za roshani, na majua yote yakamwagika kutoka kifuani mwake hadi sakafuni alipomkumbatia mama yake, chujio na kijiko vikiwa katikati yao.

"Mbona mmenyamaza?" Mama Harpreet aliita kutoka ng'ambo. "Joka halijatapika bado!"

Tukapiga. Tulipiga kwa nguvu ambazo sijawahi kupiga nazo kitu tena, mimi nikiwa na vipele mwili mzima, na ghorofa za chini watu wengine wakaanza kupiga makofi na kupiga mbinja bila kujua kwa nini. Jua likatoka, kidogo kidogo, likarudi mahali pake. Nyanya alilitazama boksi la Baba na kumwambia, "Umeona? Limesikia." Kabla chai haijapoa mabishano yalikuwa yamerudi mezani, Mjomba akiuliza kwa nini mwezi una ukubwa ule ule wa kutosha kulifunika jua kama si kwamba mtu aliupima, Nyanya akisema hilo ndilo analolihubiri miaka yote, na Baba akiomba sukari.

Nyanya aliondoka baada ya Pasaka. Karatasi za Mjomba zilipokamilika, safari yake ya kwanza ilikuwa Wundanyi. Aliniambia alisimama kaburini kwa baba yake asubuhi nzima na hakuna mtu aliyemharakisha.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Mama kuhusu ule usemi wa wazee, kwamba atakayekosekana jua likimezwa atakosekana mwaka mzima. Mama aliacha kukunja nguo.

"Nani alikwambia hivyo?"

"Nyanya."

"Sisi tulipiga sufuria tu," alisema. "Hilo sijalisikia maisha yangu yote." Kisha nikamweleza kuhusu ile simu iliyoachwa kitandani, akaketi chini kwa kucheka.

Kwa muda nilijiona nimechezewa. Siku hizi naona vingine. Nimesoma sayansi ya kutosha kujua kwamba Baba alikuwa sahihi kuhusu mwezi, na bado sijapata fizikia ya kunieleza jinsi mwanamke asiyejua Kiingereza alivyomtoa mwanawe Handsworth kwa sentensi moja. Kila mmoja pale mezani alikuwa akiuliza tumetoka wapi. Nyanya alijua kwamba mtu akiuliza sana ametoka wapi, mara nyingi anataka kujua kama kuna anayemngoja. Kuhusu asili ya binadamu, nikiulizwa leo, nasema kile ninachoweza kukithibitisha, na kwa mengine nanyamaza kwa heshima. Nimelelewa na pande zote tatu.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa Mjomba, ambaye sasa ana mke na watoto wawili wanaobishana kama yeye. Tulimpigia Nyanya kwa video. Amezeeka, husogeza simu mpaka tunaona paji la uso tu. Baada ya salamu za wote akamtaka Mjomba.

"Mwakio, hao watu wako wa nyota wameshafika?"

"Bado, Mama."

"Wakifika usianze kuwauliza maswali mlangoni. Wape chakula kwanza."