Asubuhi Uso Wangu Ulipolala Upande

Kila nikisikia harufu ya mawese yakichemka, shavu langu la kushoto hukakamaa. Ndiyo aliyonipaka mama asubuhi ile nilipoamka, uji ukinichuruzika mdomoni, jicho moja likikataa kufumba.

Siku hiyohiyo wageni walifika kutoka Lulimba kumposa dada yangu. Nilipopita uani na ndoo, mmoja wao akanikazia macho.

"Huyu mutoto iko na nini? Ni wako?"

Mama hakusita. "Hapana, ni mutoto wa jirani."

Nilisimama palepale nikingoja acheke, aseme ni mzaha. Aliendelea kuwamiminia chai.

Walipoondoka, shangazi yangu, dada ya baba, alinipeleka kwa muuguzi pale mjini Baraka.

"Ni bulozi? Wamemuroga?" shangazi akauliza.

Muuguzi alinishika mikono, akaniambia nimbane vidole kwa nguvu, kisha akanigusa nyuma ya sikio.

"Hapana. Mushipa wenye kuendesha uso ndio umevimba. Mara mingi hatujue kinacholeta. Mumemuleta mapema, dawa itamusaidia. Usiku mumufunike jicho na kitambaa, lisikauke."

Uso ulirudi polepole, mpaka nikaweza tena kupiga mluzi. Posa ilikubaliwa. Siku ya harusi mama alinivika gauni jipya, akanishika mashavu mbele ya wageni walewale.

"Muone mutoto wangu!"

Nilijinasua mikononi mwake, nikaenda kusimama karibu na shangazi.