Ukuta Ulionitungia Shahada

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, na ikinijia mpaka leo hucheka peke yangu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Nairobi. Chuo chetu kilimruhusu mwanafunzi kujitungia shahada yake kwa kuchanganya masomo ayatakayo, mradi awaridhishe walimu watatu. Mimi niliandika kemia, historia, Kiarabu, sheria, uchoraji, utalii na biashara. Wakaniuliza yanaungana wapi, nikababaika. Mtaka yote hukosa yote. Walinipa hadi mwisho wa likizo. Nikishindwa, nirudi kwenye kemia peke yake.

Nikafika Amu, yaani Lamu, na uchungu wangu, nikakuta nyumba ya bibi yangu inatengenezwa kwa harusi ya dada. Lipu ya ukuta wa sebule ilikuwa imebanduka vipande vipande, nami nilijua ni kazi ya nani. Likizo ya nyuma niliupiga lipu ya saruji mwenyewe, kwa majivuno, nikiwacheka mafundi wanaongoja chokaa ilale majini siku nyingi kabla ya kuipiga. Mjomba wangu Athmani, fundi wa nyumba za mawe, hakunigombeza. Alinipa mwiko akaniambia nikwangue.

Nilikwangua asubuhi nzima huku nikimlalamikia mjomba juu ya walimu wangu. Mwisho akaniuliza kwa nini ukuta umeikataa saruji yangu. Nikamweleza kikemia: mawe ya pwani yana chumvi na unyevu, na saruji huvifungia ndani. Akataka kujua wazee wa kale walilijuaje hilo bila chuo. Kisha akaniuliza mbona nyumba ya jirani, iliyojengwa kwa chokaa, inaanguka. Nikamwambia warithi ni wengi na hawajapatana nani aitengeneze. Hapo nikauweka mwiko chini. Kemia, historia, sheria, zote ukutani pale! Furaha ilinijaa hata nikaangua kicheko.

"Umewapelekea waalimu masomo saba," akasema mjomba. "Wapelekee ukuta moya. Ndia ni hiyo." Ndia, kwa Kiamu, ni njia.

Nikawapelekea swali moja: nyumba za mawe za Amu zitasimamaje? Uchoraji, utalii na biashara niliviaga. Kiarabu nilitaka kukiaga pia, nikakumbuka hati za zamani za nyumba zetu zimeandikwa kwacho, nikakirudisha. Walimu wakasoma, wakatazamana, wakatia sahihi. Na kwenye harusi bibi alimwonyesha kila mgeni ukuta mpya wa chokaa, akisema umepigwa na mjukuu wake msomi. Ule wa kwanza hakuutaja.

Basi, mwanangu, ukipewa ruhusa ya kujipangia masomo, usianze kwa kuyakusanya. Tafuta kwanza jambo linalokunyima raha, hata kama ni aibu yako mwenyewe, kisha uliulize linataka elimu gani. Somo linalohitajika lichukue hata likiwa gumu, na lisilohitajika liache hata likiwa tamu. Mwenyezi Mungu akujaalie swali jema, na akupe umri wa kulijibu. Amin.