Kijiti cha Nyanyangu

Wenzangu wakinusa siki, mate huwajaa. Mimi hukumbuka bafu la nyanyangu, mtaani Kibokoni, na msinicheke. Nyanya alikuwa mpiga picha wa harusi za kina mama. Kwenye harusi hizo mabuibui huvuliwa, kwa hivyo hakuna aliyekubali filamu isafishwe dukani na mwanamume. Nyanya alizisafisha mwenyewe bafuni, kwa taa nyekundu na masinia ya dawa iliyonuka siki.

Nilipokuwa na miaka saba nilimganda anitolee picha ya mamangu, aliyefariki nikiwa mchanga. Mama alikuwa akiikimbia kamera kama anadaiwa sura. Ilikuwako filamu moja tu: amekaa pembeni harusini, uso umo kivulini.

Nyanya aliiinua kwenye taa, akaitazama kitambo. Kisha akaanza. Mwangaza wa mashine ya kukuzia picha ulipokuwa ukishuka kwenye karatasi, alipitisha juu ya uso wa Mama kijiti chenye kiduara cha kadibodi, akikitikisa polepole, ili pale pasiungue pakawa peusi.

"Nyanya, wafukuza nzi?"

"Nakufukuza wewe. Nyamaza."

Karatasi ikatoka na bangili, hina, mpaka maua ya leso. Uso, giza. Ya pili, uso wa kijivu, hauna macho. Akarudia, akarudia, mpaka pakiti ikaisha. Mimi nikanuna. Yeye akaosha masinia kwa muda mrefu, amenipa mgongo.

Nyanya sasa hayupo. Mwaka huu mwalimu wa kompyuta alitufundisha kurekebisha picha. Kifaa cha kung'arishia kina alama ya kiduara kwenye kijiti. Cha kutilia giza, kiganja kilichokunjwa.

"Pipi na ombaomba," akasema jirani yangu, darasa likacheka.

Mwalimu akaeleza kwamba waliounda programu waliiga mikono ya wasafisha picha wa zamani. Mimi nikakikodolea macho kile kijiti: kilikuwa cha Nyanya.

Nyumbani nikaipiga picha ile filamu kwa simu, nikaung'arisha uso wa Mama hadi mwisho. Kijivu kitupu. Nikaishika filamu yenyewe dirishani. Pale pa uso palikuwa wazi kama kioo. Siku ya harusi mwangaza haukuacha alama yoyote pale; hapakuwa na uso wa kutoa.

Nyanya alijua kuzisoma filamu. Aliliona hilo kabla ya karatasi ya kwanza, na bado akamaliza pakiti nzima. Siku ile nilidhani ananitafutia mamangu. Haikunijia kabisa akilini kwamba alikuwa akimtafuta mwanawe.