Udongo wa Fuko

Jani la kwanza lilipojikunja, Drahomíra alilisingizia jua. La pili akalisingizia upepo. Ilipofika katikati ya Juni, vichwa vya mashina yake yote matatu ya bangi vilikuwa vimejisokota kama vidole vya mama yake, na hapakuwa tena na wa kusingiziwa.

Bangi ile haikuwa ya kuvuta. Drahomíra hakuwahi kuvuta chochote maishani ila mvuke wa jiko la shule, alikoosha masufuria tangu usichana wake. Ilikuwa ya marhamu. Kila mwaka majani ya miti yakianza kupukutika, kama wanawake wengi wa kijiji kile cha Moravia, nchini Cheki, alikata maua na majani ya bangi, akayapika polepole ndani ya mafuta ya nguruwe, akachuja kwa kitambaa na kujaza vikopo. Ndiyo marhamu iliyomwezesha mama yake, Bibi Hedvika, mwenye ugonjwa wa viungo, kukunja magoti na kushika kijiko mwenyewe wakati wa baridi. Vidonge vya maumivu alikatazwa na daktari tangu tumbo lake lilipovuja damu. Bila marhamu, bibi yule alilia kama mtoto, na aliyekuwa akikisikia kilio hicho alikuwa mtu mmoja tu.

Mtu huyo, Drahomíra mwenyewe, alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alitolewa shule mapema ili amuuguze baba yake aliyeangukiwa na gogo msituni. Alipomzika baba, akaolewa. Mume akaondoka na mwingine. Akarudi nyumbani kumtunza mama. Kaka yake Radovan alipelekwa mjini kusoma. Kila Krismasi alikuja kula samaki aliyekaangwa na dada yake, akasifu, akafunga mkanda wa gari na kuondoka na mitungi ya matango ya siki. Kisha mwaka juzi Bibi Hedvika alivaa koti lake zuri, akaenda na Radovan kwa mwanasheria, na aliporudi nyumba na konde la nyasi nyuma yake vilikuwa vya Radovan.

"Wewe una mikono, Draha," mama alimwambia siku ile, akivua viatu. "Radovan ana watoto."

"Na mimi nina nini, mama?"

"Nimeshakwambia. Una mikono."

Radovan hakulitaka konde la kulima. Alimkodishia mkulima mkubwa wa ng'ambo ya barabara, yule anayepanda maua ya njano ya kukamua mafuta hadi kwenye vizingiti vya watu. Lakini Drahomíra hakuacha kwenda kule. Kila majira ya kuchipua, theluji ikishayeyuka, alisukuma toroli lake hadi katikati ya konde, akakusanya vilima vidogo vya udongo vilivyofukuliwa na fuko. Bibi yake alifanya hivyo, na bibi wa bibi yake. Kila mkulima wa bustani kule anajua kwamba hakuna udongo wa miche kama ule: laini kama unga, umetoka chini ambako mbegu za magugu hazifiki, umechekechwa na mnyama mwenyewe bila kudai shukrani. Drahomíra aliuchanganya na mchanga wa mto na mboji ya zamani, akajaza ndoo tatu zilizotobolewa vitako.

Jirani yake, Bwana Vlastimil, mstaafu wa reli aliyekuwa na shina lake moja kwa ajili ya miguu ya mkewe, alimwona akipita na toroli mwezi wa Aprili.

"Bi Drahomíra, bado unawaibia fuko? Nunua mfuko dukani, siku hizi wanauza udongo mwepesi wenye nyuzi za nazi. Mizizi inapumua humo kama watalii."

"Mizizi yangu haijazoea utalii, Bwana Vlastimil."

"Na konde si la kaka yako sasa?"

"Waliandika majina yao kwenye karatasi. Fuko hasomi."

Alicheka Vlastimil, naye Drahomíra akasukuma toroli kichwa juu. Ule ulikuwa urithi wake. Hakuna aliyempa, alijichukulia kwa sepetu. Afadhali angekula udongo ule kuliko kununua mwingine.

Walipopita Watakatifu wa Barafu katikati ya Mei, siku za baridi ya mwisho ambazo hata mlevi wa kijiji hatoi mche nje, alizitoa ndoo uani. Kwa siku chache miche ilisimama vizuri. Kisha vichwa vikaanza kusokotana.

Drahomíra alifanya alivyofundishwa na matango na nyanya. Alidhani mimea ina njaa, akainywesha maji ya majani ya kuwasha yaliyoozeshwa pipani, maji yanayonuka hadi mbwa wa jirani wanahama. Ncha zikaungua kahawia. Akadhani amezidisha, akasafisha udongo kwa maji matupu. Akadhani ni maji mengi, akaiacha ikauke. Akanyunyiza majivu ya jiko. Akapindua kila jani akitafuta utitiri kwa miwani ya mama yake, akaosha kwa sabuni. Kila dawa ilileta ugonjwa wake, na ule wa kwanza haukuondoka.

Mwishowe alimeza kiburi na kumwita Vlastimil kutoka ng'ambo ya ua.

"Yesu na Maria," alisema mzee yule, akiinamia ndoo. "Bangi yako yenyewe imelewa?"

"Kama umekuja kucheka, rudi kwako."

"Nacheka ili nisiseme ninachofikiri. Ilianza juu au chini?"

"Juu."

"Angalia hapa. Mmea wenye njaa hula majani yake ya chini kwanza, yanakuwa manjano. Uliozidishiwa mbolea huungua ncha. Uliozama maji hulegea wote kama soksi. Lakini huu chini ni mzima, na kila jani jipya linazaliwa kilema, jembamba, limekunjwa kama kijiko. Shina nalo limepinda. Bi Drahomíra, huu haukosi chakula. Huu umelishwa sumu."

"Nani aje kuitia sumu mimea yangu? Watu hawanichukii kiasi hicho. Hawanikumbuki hata."

"Sijasema mtu. Udongo umeutoa wapi?"

Drahomíra alijua ameutoa wapi, na Vlastimil alijua kwamba anajua. Mzee akakuna shingo.

"Panda njegere ndani ya huo uliobaki kwenye toroli. Njegere haziwezi kuficha siri. Zikitoka zimenyooka, mimi ni mjinga, nitakununulia bia."

Alizipanda kwenye bakuli, akaliweka dirishani jikoni, na bakuli jingine la udongo wa bustani ya mbele kando yake. Mama yake alikaa kwenye kiti chake karibu na jiko akimtazama, wala hakuuliza ni za nini. Njegere za bustani ya mbele zilichipuka na kunyoosha mikono hadi kwenye pazia. Zile nyingine zilitoka ardhini zikiwa zimeinama, majani yamefungwa ngumi, zikajizungusha na kurudi chini kana kwamba zimejutia kuzaliwa.

Drahomíra alizigusa kwa kidole. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Mama, wamepuliza dawa kondeni?"

Bibi Hedvika aligeuza macho kwenye jiko.

"Mama."

"Mwezi wa Machi," alisema Bibi Hedvika. "Kuua yale magugu ya majani mapana. Radovan alinipigia simu. Alisema tusikate nyasi za sungura kule."

"Tusikate nyasi. Na mimi uliniona nikipita na toroli."

"Nilikuona."

"Ulikuwa umekaa hapo hapo. Uliniambia nifunge mlango, baridi inaingia."

"Ningesema, ungempigia kelele Radovan. Mngegombana tena. Mimi ugomvi wenu unaniua, Draha."

"Na magoti je, hayakuui?"

"Nilidhani wewe utajua. Wewe huwa unajua mambo ya udongo."

Kuna maneno mtu huyaandaa miaka thelathini, akayanoa akiosha masufuria, akayarudia akitandika kitanda cha mgonjwa, na siku yake ikifika hayatoki. Drahomíra alifungua mdomo, akaona mama yake anasugua goti kwa kiganja, polepole, bila kujua kwamba anasugua. Akaufunga.

Ilikuwa Julai. Mbegu ikipandwa Julai kule, baridi huikuta bado mtoto. Vlastimil alikuwa na shina moja, na miguu ya mkewe ilikuwa inalingoja. Wanawake wengine kijijini walikuwa na zao, na kila mmoja alikuwa na mama, au mume, au mgongo wake mwenyewe. Drahomíra aliwaza kuomba kwa mmoja wao, akafika hadi mlangoni, akasikia kicheko ndani, akarudi. Aling'oa mashina yake. Hata kwenye lundo la mboji hakuweza kuyatupa, maana yangeharibu na udongo wa mwaka ujao. Akayatia ndani ya gunia pamoja na udongo wake na kuyaburuta hadi kwenye pipa la taka la manispaa.

Majani yakapukutika. Wiki moja kijiji kizima kilinuka marhamu ikichemka, kila dirisha limeachwa wazi kidogo. Drahomíra alilifunga lake. Bibi Hedvika alianza kwa kudondosha kijiko, kisha akashindwa kukiokota, kisha akashindwa kukishika. Alfajiri alilia akivalishwa soksi. Drahomíra alimkanda kwa mafuta matupu ya nguruwe, kwa kuwa mikono lazima ifanye kitu.

Radovan alikuja Siku ya Wafu, na maua meupe ya makaburini kwenye kiti cha nyuma cha gari. Aliingia jikoni, akambusu mama, akarudi nyuma hatua moja kumtazama vizuri. Drahomíra alikuwa anamlisha supu.

"Mbona amekwisha hivi?" alisema. "Krismasi alikuwa anakula mwenyewe. Draha, unamtunza kweli, au uko kwenye bustani zako tu?"

Kijiko kikasimama hewani. Drahomíra alimtazama mama yake, na mama yake akamtazama Radovan, koti lake, viatu vyake vya mjini, kisha akamgeukia binti yake. Akafungua kinywa.

Drahomíra alingoja. Alidhani safari hii mama atasema ukweli.

Bibi Hedvika alikuwa anangoja kijiko.