Shangazi Kokubanza Alivyonunua Kwake

Edvina alikuwa akimenya ndizi za mchana simu ilipolia. Alikuwa Zuena, jirani wa shangazi yake pale Kagondo.

"Edvina, uko wapi? Kaa chini kwanza."

Edvina akajua. Shangazi Kokubanza alikuwa amesali rozari ya asubuhi, akarudi kitandani apumzike kidogo, na hakuamka tena. Edvina akaweka kisu chini, akafanya ishara ya msalaba, kisha akampigia baba yake, mzee Protase, huko Muleba.

"Mleteni nyumbani," mzee alisema. "Dada yangu atalala kwa baba yetu."

Edvina akamwomba waonane kwanza Kagondo. Shangazi hakutaka hivyo.

Kokubanza aliachika angali kijana, bila mtoto, akarudi Muleba kwenye kibanja, shamba la migomba ambalo kaka yake alilirithi kwa baba yao. Protase hakumnyima kitu. Lakini hata mgomba mmoja Kokubanza hakuweza kuupanda bila kuuliza aupande wapi. Miaka mingi aliwapikia mapadri huku akiweka akiba, hadi akapata nyumba ya kununua Kagondo, ya Haruni na mkewe Zuena, waliokuwa wamejenga nyingine jirani.

Watu walimwambia mwenyekiti wa mtaa anatosha kushuhudia mauziano. Yeye akamchukua Edvina, wakaenda mjini kwa wakili Mwijage. Wakili akahakikisha kwanza kwamba nyumba haina deni wala kesi. Siku ya kutia sahihi, Haruni akaja peke yake.

"Mkeo yuko wapi?" wakili akauliza.

"Mke wa nini tena? Mwenye nyumba si ni mimi?"

"Sheria inataka naye aridhie."

"Kamlete, bwana," Kokubanza akadakia. "Nisije nikanunua nyumba nikamkuta mke wa mtu ndani."

Zuena alipoitwa na kusimuliwa, alicheka hadi akatoa machozi. Urafiki wao ulianzia hapo.

Kisha Kokubanza akamgeukia wakili. "Mwanangu, andika pia kwamba nitazikwa humo humo."

"Mama, hilo ni la wosia, si la mauziano. Na wewe nawe! Wenzako wananunua nyumba, wewe unanunua kaburi?"

"Nyumbani nitakaa miaka kadhaa tu. Kule nitakaa hadi ufufuo. Wosia unaandikwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi usifunge kalamu."

Protase aliujua wosia huo tangu siku ile. Alipofika Kagondo jioni na wazee wa ukoo, alikuwa na jibu lake tayari.

"Karatasi ni karatasi. Watu watasema nimemtupa dada yangu kwa wageni."

Edvina hakubishana naye. "Baba, njoo uone tu mahali alipopachagua."

Akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye kona yenye milamula, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka. Migomba ilisimama minene, imefagiliwa chini na kutandazwa nyasi. Mzee akapapasa shina moja, akatazama juu kwenye mkungu.

"Hii si nyakyetengu, ile ndizi ya baba?"

"Ndiyo yenyewe. Ile miche uliyompa siku anahama, ukamtania kwamba anakuhamishia kibanja."

Protase akapita akipapasa na mashina mengine. Halafu akacheka huku machozi yakimtoka.

"Ai, waitu, jamani! Kumbe kweli alikihamisha kibanja cha baba." Akawageukia wazee. "Chimbeni hapa. Yuko kwa baba."

Walimzika siku iliyofuata, baada ya misa. Padri alinyunyiza maji ya baraka, kwaya ikaimba polepole. Protase alitupa udongo wa kwanza, kisha Edvina. Zuena alisimama karibu yake, amejitanda kanga, akiwa amemshika mkono. Wakili Mwijage naye alikuja, viatu vikajaa udongo wa kaburini. Walipomaliza kufukia, walisimamisha msalaba wa mbao, wakasali Baba Yetu na Salamu Maria, wakamwombea pumziko la milele. Kisha watu wakanawa mikono, wakaketi kula uwanjani kwake.