Nguo ya Nili Kutoka Kano

Siku ile ya sanduku naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu hunichemka upya. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa London, mtaa wa Walthamstow, sebuleni kwa dada yangu Mwanaidi. Mie nilikuwa bado na meno yangu yote na magoti yanayokunjika. Dada yangu keshatangulia, Mungu amrehemu, na wafu hawasemwi vibaya. Lakini alilolifanya siku ile nitalisema, kwa sababu nakusikieni nyinyi vijana mkilifanya lile lile. Huyu Mnigeria, yule Mkongo, yule kwao vumbi tupu. Mnacheka. Basi kaa kitako usikie kicheko kilivyogharimu.

Dada alikuwa na binti mmoja tu, Rukia. Rukia alipendana na kijana wa Kihausa, Sani, fundi wa umeme, mtu wa swala tano, hainui sauti mbele ya mkubwa. Kwao ni Kano, kaskazini ya Nigeria. Mama yake, tukimwita Hajiya, alikaa mtaa wa pili, na mie na yeye tulijuana sokoni, tukichagua mihogo pamoja na kubishana na muuza samaki kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Posa ililetwa, ikakubaliwa. Likabaki sanduku.

Sanduku unalijua. Upande wa mume huleta nguo za biharusi, wanawake wakazitoa moja moja mbele za watu na vigelegele juu. Kumbe Wahausa nao wana mila hiyo hiyo! Mie nilifurahi, nikasema hawa ni watu wetu, basi tu hatukujuana mapema. Hajiya akaja na ndugu zake wa kike, vilemba vimesimama. Rukia, kama ada, kawekwa chumbani na mlango umefungwa.

Mambo yalianza vizuri. Vikatoka vitenge, manukato, viatu, kila kimoja na kigelegele chake. Mwisho kabisa Hajiya akatoa mwenyewe, kwa mikono miwili, kitambaa kimoja kilichofungwa kwenye karatasi. Buluu iliyoiva hata ikakaribia weusi, inang'aa kama ganda la bilingani.

Dada akakishika. Unawajua wanawake wetu na kanga: kanga mpya hujaribiwa, ikitoa rangi hainunuliwi. Hiyo ni dukani, mwanangu! Dukani, kwa pesa yako! Dada yangu akalamba kidole gumba, akakisugua kile kitambaa mbele ya aliyekileta. Kidole kikatoka buluu. Akakiinua juu, wote wakione.

"Inachuja!" akasema. "Jamani, nguo ya harusi inachuja!"

"Nyeusi tena," akadakia shoga yake mmoja. "Ya harusi hiyo, au ya eda?"

"Huko kwao labda wanakoga wino," akasema mwengine.

Sebule nzima ikaangua kicheko. Hajiya hakujua Kiswahili, lakini kidole kile hakikuhitaji mkalimani.

Nikainuka. "Dada, weka chini hiyo nguo. Zawadi haipimwi mbele ya mwenyewe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri."

"Kaa, we! Skuli hukwenda, leo unanifunza mimi?"

Hajiya akasema polepole kwa Kiingereza, bila ya kukunja uso: "Baba yangu ndiye aliyeitia rangi, kwa mikono yake, katika mashimo ya Kano. Nili ya kweli, rangi ya majani, humwachia mvaaji buluu yake mwilini. Kwetu mtu akionekana na buluu shingoni, watu hujua amevaa kitu cha thamani."

"Mashimo!" Dada akawageukia wenzake. "Mmesikia? Nguo imetoka shimoni." Kisha akamgeukia mgeni kwa Kiingereza chake cha ofisini: "Na ni kweli mji wenu wa udongo?"

"Ni kweli," akasema Hajiya. "Ni wa udongo." Akakichukua kitambaa, akakikunja kwa utaratibu, akaaga. Vitu vingine vyote aliviacha pale pale.

Haukupita muda wazee wa Sani wa hapa London wakaleta neno: wanaoucheka mkono wa mzee wetu hawatawalea vitukuu vyake. Posa ikavunjika. Sani alipinga, Rukia alilia, nani aliwasikiliza? Dada akasema, heri. Heri ya nani? Naiuliza mpaka leo.

Hajiya hakuacha kunisalimia. Mwaka mwengine, Sani alipooa kwao, akanialika niende naye Kano. Dada kusikia, akapanda juu.

"Unakwenda kula wali wa watu waliotukataa?"

"Nakwenda," nikamwambia. "Na nitaomba na ukoko."

Mwanangu, usilolijua ni usiku wa giza. Mji wa udongo! Ningaliweza, ningalimburura dada yangu kwa mkono mpaka chini ya ukuta wa Kano nikamsimamisha hapo. Udongo, ndiyo, lakini ukuta ule uliuzunguka mji mzima tangu zama hata babu wa babu yangu hajazaliwa, na kila lango lina jina lake. Nyumba za kale zimenakishiwa kwa mkono ukutani, maua na mafundo, na ndani kuna ubaridi wakati nje jua linauma. Nilipita soko la Kurmi, vichochoro vyembamba vinanuka ngozi na ubani, nikaambiwa hapa ndipo ngamia walipotua mizigo iliyovuka jangwa. Nilipanda kilima cha Dala, nikaghumiwa njiani, pumzi zikaniisha kwa kuchoka, lakini nilifika, nikauona mji wote chini yangu.

Na Idi ilitukuta huko. Farasi wamevishwa kuliko maharusi! Mfalme wao, wanamwita Sarki, anapita chini ya mwavuli mkubwa, wapanda farasi wanakuja mbio, vumbi juu, halafu wanasimama ghafla mbele yake wakinyanyua ngumi kumpa salamu. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Nani wa kumcheka nani hapo?

Siku ya mwisho Hajiya akanipeleka kwenye mashimo. Ni ya duara, yamechimbwa chini kama visima, ndani mna maji ya nili na majivu yaliyolala siku kwa siku. Mtu huchutama ukingoni, akachovya nguo na kuitoa ipigwe na hewa, akachovya tena. Pembeni wamekaa wanaume wanazitwanga nguo kwa magogo mpaka zing'ae. Pasi haikanyagi pale. Mzee mmoja mikono yake ilikuwa buluu mpaka viwiko. Alikuwa baba yake Hajiya.

Alinitazama, akamuuliza bintiye, naye akanifasiria: "Huyu ni mtu wa yule binti wa London? Basi anambie, alipoishika ile nguo, binti alisema nini?"

Hajiya akageuza uso. Kumbe hakumwambia kitu. Alimwambia tu kuwa Mungu hakuandika. Kumdanganya mzee kama yule siwezi, na kumwambia yote ni kumpiga kofi.

"Hakuishika, baba," nikasema. "Hakupewa."

Mzee akachovya nguo yake, akaitoa, akaikamua.

"Basi yeye hakuikataa," akasema.

Hapo ndipo hasira zangu zilipopata jina. Sisi tulicheka, tukakasirika, tukavunja, na mwenye harusi yake hakuna aliyemuuliza. Niliporudi nikampa Rukia maneno yale ya mzee. Akanijibu kwa Kiingereza, kama mnavyojibu nyote: "Mama mdogo, mimi nilikuwa chumbani. Nilisikia watu wanacheka. Nilidhani wanafurahi."

Rukia akahamia Stanmore, mbali na sisi. Kwa mama yake alikuja siku za Idi tu, akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, chai haimalizi. Ikawa hivyo mpaka mama yake akazikwa.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana sitalisema mara mbili. Mji wa mwenzio usioujua, uliza kabla hujaucheka. Huna cha kuuliza, nyamaza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Usijione bora kwa nyumba za mawe za kwetu pwani ukawadharau wenye udongo wao. Hapa London wote ni wapangaji. Na siku utakapokuwa mkubwa, ukishika mkononi jaala ya mwana, mfungulie mlango huyo mwana umuulize yeye kwanza, kabla shangazi, kabla mashoga, kabla wewe mwenyewe hujafungua kinywa.

Mungu akupe ulimi wenye subira na jicho lisilo kiburi. Akupe wakwe wa mbali watakaokuwa karibu, na wanao wakujie bila ya kungoja Idi, wavue viatu, wale, walale kwako. Amin.